Mficha Maradhi Kilio Humuumbua: Mgeni na Matibabu ya Umma Nchini Uingereza

Miongoni mwa maswali yanayofikishwa kwenye madawati ya huduma, hakuna linaloulizwa kwa sauti ya chini kuliko hili: mtu asiye raia akiugua, aende wapi, na atadaiwa nini? Wengine hawalithubutu kabisa. Hunywa dawa zilizoletwa na jamaa kutoka nyumbani, huazima vidonge vya jirani, au husubiri hadi maumivu yawashinde ndipo waite gari la wagonjwa. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Somo la toleo hili limekusudiwa kwa wakaazi wa wilaya yetu wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi na kwingineko, ili kila mmoja ajue haki yake kabla hajaugua na asiizuie nafsi yake kwa hofu isiyo na msingi.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba halmashauri ya wilaya haiendeshi hospitali. Kazi yake ni uzoaji wa taka, masuala ya nyumba, ukusanyaji wa kodi ya halmashauri na mengine ya namna hiyo. Huduma za jamii na afya ya jamii zimo mikononi mwa halmashauri ya kaunti, na matibabu yenyewe yako chini ya Huduma ya Taifa ya Afya, inayojulikana kwa herufi NHS. Hata hivyo, afya ya mkaazi mmoja ni jambo la mtaa mzima, na ndiyo sababu somo hili limepewa nafasi hapa. Maelezo yote yanahusu England. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao, ambazo katika mambo kadhaa ni nafuu zaidi kwa mgonjwa.

Mfumo ulivyo

NHS ilianzishwa tarehe 5 Julai 1948, wakati Aneurin Bevan alipokuwa Waziri wa Afya. Msingi wake ni kwamba gharama za matibabu zilipwe kwa pamoja kutoka katika kodi, na mgonjwa atibiwe kulingana na mahitaji yake, si kulingana na uzito wa mfuko wake. Kwa mtu aliyezoea kulipa kwanza dirishani, au kuonyesha kadi ya bima kabla ya kumwona mganga, utaratibu huu huonekana mgeni. Huku mgonjwa hapiti kwa mhasibu akienda kumwona daktari wa familia.

Tofauti ya pili ni njia ya kumfikia daktari bingwa. Kwetu mtu aweza kufunga safari hadi hospitali kubwa na kuomba kuonwa na bingwa wa moyo au wa mifupa. Huku njia ya kawaida hupita kwa daktari wa familia, ambaye wenyeji humwita kwa herufi GP. Yeye ndiye humchunguza mgonjwa, humwandikia dawa, hutunza kumbukumbu zake, na akiona haja humpa rufaa ya hospitali. Asiyejiandikisha kwa daktari wa familia ni kama mtu asimamaye nje ya ua: anaiona nyumba, lakini haujui mlango.

Tofauti ya tatu ni dawa. Dawa za kuua bakteria haziuzwi dukani kwa kuomba tu, bali huhitaji cheti cha dawa. Jambo hili huwakasirisha wageni wengi, lakini sababu yake ni nzito: dawa hizo zikitumiwa ovyo, vimelea huzizoea na hatimaye hazimponyi mtu.

Milango miwili yenye sheria mbili

Mtu akilishika jambo moja tu katika somo hili, na liwe hili: matibabu ya umma yana milango miwili, na kila mlango una sheria yake.

Mlango wa kwanza ni huduma ya msingi, yaani daktari wa familia na wauguzi wa kituo chake. Mlango huu uko wazi kwa kila aliyeko England, bila malipo, hata awe na kibali cha namna gani, na hata kama hana kibali.

Mlango wa pili ni matibabu ya hospitali, yaani kulazwa, kupasuliwa, na kliniki za mabingwa. Hapa sheria huuliza kama mgonjwa ni mkaazi wa kawaida wa nchi hii, au yumo katika kundi lililosamehewa malipo. Asiye katika makundi hayo aweza kudaiwa.

Kati ya milango hiyo iko idara ya ajali na dharura. Huduma inayotolewa ndani ya idara hiyo haidaiwi kwa mtu yeyote. Lakini mgonjwa akitolewa hapo na kulazwa wodini, au akipewa miadi ya kliniki, huwa ameingia katika mlango wa pili, na sheria za mlango huo huanza kutumika.

Watu wengi hukosea kwa sababu husikia habari za mlango wa pili na kudhani zinahusu wa kwanza. Mmoja husikia kwamba fulani amepata ankara kubwa ya hospitali, naye huacha kumpeleka mtoto mwenye homa kwa daktari wa familia, ambaye asingemtoza hata senti.

Kujiandikisha kwa daktari wa familia

Kujiandikisha hufanywa kwa kujaza fomu, ama katika kituo chenyewe ama kwa intaneti. Mpokezi aweza kuomba pasipoti au barua yenye anwani, kwa kuwa vitu hivyo hurahisisha kazi. Lakini kukosa kitambulisho, kukosa ushahidi wa anwani, au kukosa karatasi za uhamiaji si sababu halali ya kumkatalia mtu. Hata asiye na makao ya kudumu aweza kuandikishwa.

Kituo chaweza kumkataa mtu kwa sababu za haki, kama vile anaishi nje ya eneo lake au orodha yake ya wagonjwa imefungwa. Kikimkataa, hutakiwa kumweleza sababu kwa maandishi ndani ya siku 14. Kwa hiyo, mkaazi akijibiwa kwa mdomo kwamba hapokelewi kwa kuwa hana pasipoti, na aombe kwa adabu apewe jibu hilo kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo peke yake humfanya mpokezi aangalie tena kanuni.

Anayekaa katika eneo kwa zaidi ya saa 24 lakini chini ya miezi 3 aweza kuandikishwa kama mgonjwa wa muda. Atakayekaa zaidi huandikishwa kikamilifu. Akiisha kuandikishwa hupata namba ya NHS yenye tarakimu 10, na ni vyema aihifadhi, ingawa kutoikumbuka hakumnyimi matibabu.

Faida ya kujiandikisha si ya siku ya ugonjwa tu. Watoto huitwa kwa ajili ya chanjo. Wanawake wenye umri wa miaka 25 hadi 64 huitwa kwa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi. Watu wa miaka 40 hadi 74 wasio na maradhi fulani ya kudumu hualikwa kila baada ya miaka 5 kupimwa shinikizo la damu, lehemu na hatari ya kisukari. Shinikizo la damu halipigi hodi. Wengi hulijua siku ya kupooza. Aliye katika orodha huitwa mapema, na asiyekuwamo hana wa kumwita.

Nani hutibiwa hospitali bila kudaiwa

Kwa mtu aliye chini ya sheria za uhamiaji, kuhesabiwa mkaazi wa kawaida huhitaji awe na kibali cha ukaazi wa kudumu na awe anaishi hapa kwa kweli. Lakini wako wengine wengi wasiodaiwa.

Kundi la kwanza ni waliolipa ada ya afya ya uhamiaji. Ada hii ilianza tarehe 6 Aprili 2015, na hulipwa pamoja na ombi la viza, kwa miaka yote ya kibali kinachoombwa. Tangu tarehe 6 Februari 2024 kiwango chake ni pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa wanafunzi na walio chini ya umri wa miaka 18. Aliyeilipa hutibiwa kama mkaazi, isipokuwa katika matibabu ya kusaidiwa kupata mimba.

Kundi la pili ni wenye viza ya kazi za afya na malezi pamoja na wategemezi wao. Hawa wamesamehewa ada hiyo. Mlezi wa wazee au muuguzi aliyekuja kwa viza hiyo asidhani kwamba, kwa kuwa hakulipa ada, hana haki ya hospitali. Haki anayo kamili.

Kundi la tatu ni wakimbizi waliotambuliwa, watu walioomba hifadhi na wanaosubiri uamuzi, na wategemezi wao. Wamo pia waliokataliwa hifadhi lakini bado wanapewa msaada wa serikali kwa mujibu wa sheria, watoto walio chini ya uangalizi wa halmashauri, na waathirika wa utumwa wa kisasa.

Wanaobaki nje ni pamoja na wageni waliokuja matembezi, waliokataliwa hifadhi na wasiopewa msaada, na waliobaki nchini baada ya kibali kwisha. Hao ndio huweza kudaiwa, na kiwango chao ni asilimia 150 ya bei ambayo NHS hujihesabia yenyewe.

Hospitali huwauliza wagonjwa maswali machache, mojawapo likiwa wameishi wapi katika miezi 12 iliyopita. Swali hilo halikutungwa kwa ajili ya mtu mweusi au mwenye lafudhi. Lijibiwe kwa kweli, na mgonjwa aje na kibali chake ili jambo liishe hapo hapo.

Yasiyodaiwa kwa mtu yeyote

Yapo maradhi na madhara ambayo hutibiwa bila malipo hata kwa asiye na kibali. Ya kwanza ni magonjwa ya kuambukiza yaliyotajwa katika kanuni: kifua kikuu, virusi vya Ukimwi, malaria, kipindupindu, surua, homa ya ini inayosababishwa na virusi, na mengine. Magonjwa ya zinaa yamo pia. Sababu yake ni ya busara: mtu akohoaye damu akiogopa ankara, watakaoumia ni wote wanaopanda naye basi.

Vilevile huduma za uzazi wa mpango hazidaiwi, isipokuwa utoaji wa mimba. Matibabu ya madhara ya mateso, ya ukeketaji, ya ukatili wa nyumbani na ya ukatili wa kingono hayadaiwi pia, ilimradi mgonjwa hakuja nchini kwa kusudi la kutafuta matibabu hayo. Mama aliyepigwa na mumewe, ambaye kibali chake kinategemea viza ya mume huyo, asizuiwe na hofu ya gharama kwenda kutibiwa.

Uzazi, dharura na deni

Huduma ya uzazi ina hukumu yake. Mama asiye katika makundi yaliyosamehewa aweza kudaiwa, lakini huduma ya ujauzito na kujifungua huhesabiwa daima kuwa ni ya lazima papo hapo. Maana yake ni kwamba haiwezi kuzuiwa wala kucheleweshwa kwa sababu mama hajalipa. Kanuni hiyo hiyo hulinda kila matibabu ambayo madaktari wameamua kuwa ni ya haraka. Anayeamua uharaka ni tabibu, si mhasibu. Matibabu yasiyo ya haraka ndiyo hutakiwa kulipiwa kabla.

Mjamzito aweza kumwendea mkunga moja kwa moja, bila kupitia kwa daktari wa familia, na inafaa miadi ya kwanza iwe kabla ya wiki 10 za mimba. Anayejificha hadi uchungu uanze haepuki deni, kwa kuwa kujifungua kwenyewe kutaandikwa. Anachokosa ni vipimo ambavyo vingemwokoa yeye na mwanawe.

Juu ya deni lenyewe, ukweli usemwe wazi. Deni la pauni 500 au zaidi ambalo halijalipwa miezi 2 baada ya ankara laweza kuarifiwa Wizara ya Mambo ya Ndani, na laweza kuathiri ombi la kibali la baadaye. Kwa hiyo ankara isitupwe kabatini. Mwenye deni na aandikie hospitali mapema, aeleze kipato chake na aombe kulipa kwa awamu. Aliyekubaliana na hospitali na akatimiza awamu zake si sawa na aliyekaa kimya. Ankara nyingine huwa na makosa, hasa kwa waomba hifadhi waliodaiwa kimakosa. Hao hawana budi kupeleka ushahidi wa hali yao na kudai ankara ifutwe.

Dawa, meno na maduka ya dawa

Katika England cheti cha dawa hulipiwa. Mwaka 2025 bei ilikuwa pauni 9.90 kwa kila dawa, bila kujali thamani yake. Wasiolipa ni watoto wasiofika miaka 16, vijana wa miaka 16 hadi 18 walio masomoni kwa muda wote, watu wenye miaka 60 na zaidi, wajawazito na waliojifungua ndani ya miezi 12 wenye cheti cha msamaha, na wenye maradhi fulani kama kisukari kinachotibiwa kwa dawa. Dawa za kupanga uzazi hutolewa bure.

Mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1. Akikubaliwa hupewa cheti cha HC2 kinachomwondolea gharama zote za dawa, meno na upimaji wa macho, au HC3 kinachompunguzia. Asijaze kisanduku cha msamaha ambao hana, kwa kuwa faini yake hupita mbali bei ya dawa. Mwenye kutumia dawa nyingi kila mwezi aulize juu ya cheti cha malipo ya mapema, ambacho humwezesha kulipa mara moja kwa miezi 3 au 12.

Kwa maradhi madogo, duka la dawa ni pa kuanzia. Tangu tarehe 31 Januari 2024 wafamasia wanaruhusiwa kutibu hali 7 bila mgonjwa kupitia kwa daktari, zikiwamo maumivu ya koo, maumivu ya sikio kwa watoto, na maambukizo ya mkojo kwa wanawake. Usiku, au wakati kituo kimefungwa, hupigwa simu namba 111 kwa ushauri. Namba 999 ni kwa hatari ya maisha: kifua kinachobana, kupooza ghafla, damu isiyokoma, mtoto asiyeamka.

Lugha isiwe kizuizi

Mgonjwa ana haki ya kuomba mkalimani, bila malipo, katika kituo cha daktari na hospitalini. Aombe wakati wa kuweka miadi, akitaja lugha yake kwa usahihi, kwa kuwa Kiswahili cha Lubumbashi si kile cha Unguja na tofauti hizo zaweza kupotosha maana. Si vyema kumtumia mtoto kama mkalimani. Hata mtoto anayekijua Kiingereza vizuri hapaswi kubebeshwa habari za saratani ya mama yake, na mama naye hataeleza mbele ya mwanawe yaliyomsibu.

Mifano mitatu ya kujipima

Msomaji na afunike majibu kwanza, ajaribu mwenyewe.

Mfano wa kwanza. Bibi amekuja kutoka Dar es Salaam kumtembelea mwanawe kwa miezi 2. Dawa zake za shinikizo zimekwisha, na baada ya wiki moja anaanguka na kuvunjika nyonga. Jibu: kwa ajili ya dawa aweza kuandikishwa kama mgonjwa wa muda, na kumwona daktari hakumgharimu. Akifikishwa idara ya dharura hatadaiwa huduma ya hapo. Lakini akilazwa na kupasuliwa atadaiwa asilimia 150. Anayemwalika mzazi na amkatie bima ya safari kabla hajapanda ndege.

Mfano wa pili. Kijana aliyekataliwa hifadhi, asiye na msaada wowote, anakohoa kwa wiki 4, anatokwa jasho usiku na kupungua uzito. Jibu: ajiandikishe kwa daktari wa familia bila malipo. Iwapo ni kifua kikuu, vipimo na matibabu yake hospitalini havidaiwi. Hana sababu ya kungoja.

Mfano wa tatu. Mlezi wa wazee kutoka Kenya, mwenye viza ya kazi za afya na malezi, amepata ankara baada ya kupasuliwa kidole tumbo. Jibu: hakupaswa kudaiwa. Apeleke ushahidi wa viza yake kwenye ofisi ya hospitali inayoshughulikia wagonjwa kutoka nje, aombe ankara ifutwe kwa maandishi, na aitunze barua hiyo.

Ya kushika

Kila mkaazi ajiandikishe kwa daktari wa familia akiwa bado mzima. Atunze nakala ya kibali chake, ya cheti cha msamaha na ya kila barua ya hospitali. Aulize kwa maandishi, na adai jibu kwa maandishi. Asiyeridhika na alivyohudumiwa aweza kulalamika ndani ya miezi 12, kwanza kwa kituo au hospitali yenyewe, kisha kwa Msuluhishi wa Bunge na Huduma za Afya.

Hatimaye, aliyeyaelewa haya na amfikishie jirani asiyesoma. Wapo katika mitaa yetu watu wanaofanya kazi ya kuwauguza wengine usiku kucha, kisha hurudi nyumbani na kuuficha ugonjwa wao wenyewe. Hao ndio wa kuambiwa kwanza kwamba mlango wa daktari wa familia uko wazi.